Nafasi ya Besi

Wapiga tarumbeta wa kanisa la Kwemkole, juu kidogo ya Mlalo, walikuwa na desturi ambayo mgeni hakukosa kuiulizia. Kila alfajiri ya Pasaka waliteremka makaburini kuwapigia marehemu wimbo wa ufufuko, na kila ukoo ukasimama penye kaburi la mtu wake, umejifunika mablanketi kwa sababu ya ukungu. Wapigaji walijipanga safu moja: kwanza wa sauti ya juu, kisha wa kati, na mwisho kabisa, upande wa kushoto, alisimama mzee mmoja mikono mitupu, anavumisha besi kwa kinywa. Mgeni angemnong'oneza jirani yake, yule mzee mbona hana tarumbeta? Naye angejibiwa kwamba la kwake liliibwa na askari.

Kwa kweli aliyeibiwa ni baba yake, Sheshe. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipopanda milimani, mmoja akikimbia mbele na mwingine akimfukuza nyuma, na wote wawili wakila mahindi ya Washambaa ambao hawakujua hata wageni hao wanagombea nini, askari mmoja wa Mwingereza aliingia kanisani na viatu vyake vya matope. Besi, lile tarumbeta la sauti nzito, lilikuwa limelazwa karibu na madhabahu, kubwa, linang'aa, lililoletwa na wamisionari kwa meli. Askari akalitia begani. Sheshe, kijana wa watu, ndiye aliyekuwa mpigaji wake, na ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni. Akasogea kando, askari akatoka.

Maisha yake yote Sheshe hakuzungumzia sana kuibiwa, alizungumzia kupisha. "Nilimpisha," alikuwa akisema, hata wakati wa kula. "Hata jina sikumuuliza." Matarumbeta mengine yalizeeka yakaletwa mengine, lakini besi lilikuwa ghali, na ahadi za kulinunua zilikuja na kuondoka pamoja na wachungaji. Sheshe akaamua nafasi ile isizibwe na sauti nyingine. Alisimama pale mwenyewe na kuvumisha kwa kinywa mpaka alipofariki, mwaka wa pili wa Uhuru, na Pasaka iliyofuata mwanawe Nikodemo akasimama mahali pake.

Nikodemo alikuwa mtu wa heshima zake. Alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu wa tarumbeta, na tena balozi wa nyumba kumi, cheo kisicho na mshahara lakini chenye maneno mengi, na maneno alikuwa nayo. Alipenda kusalimiwa kwanza. Alipenda mkutano unyamaze anaposimama. Kubwa kuliko yote, alipenda ile nafasi ya besi. Ilimpa huzuni nzuri, ya mtu aliyedhulumiwa bila kosa lolote, na huzuni ya namna hiyo ukiizoea huachi kuivaa.

Vita vya Uganda vilipokuja, wanamgambo wawili wa kijiji waliitwa jeshini: Danieli, mwana wa pekee wa Nikodemo, na Tobia, mwana wa pekee wa mjane Zipora aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Kijiji kizima kiliwasindikiza mpaka barabarani. Nduli ameingia Kagera, ameua watu, lazima atolewe. Hapo hakuna aliyebisha, na hata leo ukiwauliza watu wa Kwemkole watakwambia vita vile vilikuwa vya haki. Danieli alirudi mwaka sabini na tisa, wakati wa baridi kali ya Julai. Tobia hakurudi. Alizikwa huko huko, na begi lake Danieli ndiye aliyemkabidhi Zipora: shati, sahani ya bati, na redio ndogo iliyofungwa kamba ya kiatu badala ya mkanda.

Kisha Danieli akaingia kwao, akaweka gunia kubwa katikati ya nyumba.

"Nimekuletea, tate," alisema. Kishambaa kilimtoka, tate badala ya baba, kila alipokuwa na hofu au furaha, na siku ile haikujulikana ni kipi.

Nikodemo alifungua gunia. Lilikuwa besi. Lilikuwa na kibonyeo ubavuni na vumbi jeupe la chokaa ndani ya mdomo wake mpana, lakini besi kamili. Swali lilimjia mpaka kwenye ulimi, swali ambalo mtu yeyote angeliuliza, umelitoa wapi. Alilisikia kabisa likija. Badala yake akauliza jingine.

"Linalia?"

"Linalia, tate."

Akalisugua kwa majivu na limau mpaka likameremeta. Kanisani alisema Mungu amerudisha kilichopotea, na watu wakaitika amina, maana nani asiyependa hadithi inayoishia vizuri. Siku ya Krismasi alilipiga. Wazee waliokuwa wakikumbuka sauti ile walifuta macho, na kina mama walisema sakafu ilitikisika chini ya miguu yao. Nikodemo alitembea kurudi nyumbani akiwa kifua mbele, analazimika kusimama kila hatua mbili tatu kupewa mkono.

Mwaka ulipogeuka, mabalozi waliitwa Mlalo na katibu kata. Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye sauti ya upole na miwani aliyokuwa akiifuta muda wote. Aliwaeleza kwamba nchi imesemwa vibaya huko nje. Wapo wakubwa wa nchi nyingine waliochukia kuona Tanzania imeingia nchi ya jirani na kumtoa mtawala wake, na sasa wanatafuta pa kututia doa. Wanasema askari wetu walirudi na mali za watu.

"Tulikwenda kumwondoa nduli," alisema. "Hatukwenda kuhamisha nyumba za watu. Chochote kilichotoka huko kipelekwe Lushoto, serikali ikirudishe kwa wenyewe."

Ukumbini kila mtu alichungulia vidole vyake vya miguu. Nikodemo akasimama. Hakupangiwa kusema, mazoea ndiyo yaliyomwinua. Alisema baba yake aliibiwa na askari, na kwamba yeye anajua uchungu wa kitu kilichobebwa na mwenye bunduki. Alisema taifa changa likianza kula cha wizi halitashiba tena. Walimpigia makofi. Katibu kata alimshika mkono akamwambia kwamba wangekuwa na mabalozi kumi wa namna yake, kazi ingekwisha. Usishangae, alisema yote hayo, na alipokuwa akiyasema aliyaamini. Besi halikumjia kichwani hata kidogo, au kama lilimjia, lilikuja kama la baba yake.

Alipita nyumba zake kumi. Katika nyumba zote kumi kitu kilichopatikana kimetoka vitani kilikuwa kimoja tu.

Zipora alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Redio ilikuwa pembeni yake juu ya kinu, inaimba taratibu.

"Mama Tobia," Nikodemo alisema, baada ya kuulizana hali, "redio hii imetoka vitani."

"Imetoka kwenye begi la mwanangu."

"Na begi limetoka wapi?"

Zipora alifikiri. "Vitani."

"Unajua aliipataje?"

"Nitajuaje, Baba Danieli? Hakurudi kuniambia."

"Basi ni amri. Si mimi."

Mama yule hakulia wala hakugomba. Aliizima redio, akaifuta vumbi la mahindi kwa upande wa kanga yake, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akarudi kwenye mahindi yake, na bila kuinua uso akauliza:

"Na besi mtalipeleka lini?"

Nikodemo alisikia masikio yakimwaka. "Lile ni la kanisa, mama."

"Labda hata huko lilikotoka lilikuwa la kanisa," alisema Zipora, na akaendelea kupukuchua.

Tangu siku hiyo Nikodemo alianza kupita njia ya nyuma, ile ya bondeni, yenye utelezi, ili asipite mbele ya baraza ile. Redio aliifikisha kwa katibu kata, ikaondoka na gari la serikali kwenda Lushoto. Alijiambia jambo limekwisha. Lakini kila alipoweka midomo kwenye besi pumzi ilimpungukia, na wapigaji wenzake wakaanza kutazamana. Aliwaambia ni mafua.

Wiki moja kabla ya Pasaka alishuka Lushoto kununua mishumaa ya kanisa. Mvua ya masika ilimpata akitoka dukani, akajikinga chini ya paa la ofisi moja ya serikali, na dirisha lilikuwa wazi. Ndani redio ilikuwa inaimba. Ilikuwa imewekwa kwenye kizingiti cha dirisha, karibu tu na mkono wake, na badala ya mkanda ilikuwa na kamba ya kiatu cha jeshi.

Ofisa aliyekuwa mezani alimwona. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye adabu. Akasimama.

"Shikamoo, mzee."

Nikodemo alikuwa amejaa maneno. Kwa nini haijarudishwa? Nani alikuruhusu? Huyo mama anasikiliza nini sasa jioni? Yalimjaa kooni kama siku ile ya gunia, na kama siku ile hayakutoka.

"Marahaba," alisema.

"Una shida gani, mzee wangu? Karibu ndani, mvua hiyo."

"Hapana, mwanangu. Napita tu."

Akarudi kwenye mvua. Alifika mbali sana, karibu na soko, ndipo alipogundua kwamba alipokuwa akiaga alikuwa amesogea kando kumpisha tarishi aliyekuwa akiingia na birika la chai ya bwana yule. Akasimama katikati ya matope, mishumaa kwapani, na aibu ilimshika kwa namna ambayo alikuwa hajapata kuijua, aibu ya mwili mzima, mpaka akatamani mvua iongezeke asitambulikane.

Alimkuta Danieli shambani, anapalilia viazi kwenye tuta la juu. Hakupumzika wala hakuvua koti lililolowa.

"Besi ulilitoa wapi?"

Danieli aliegemeza jembe. Inaelekea alikuwa amelingojea swali hilo tangu Julai, maana hakujifanya hakusikia.

"Kanisani, tate. Njiani, kabla hatujafika Kampala. Kanisa lilikuwa limepigwa kwa mzinga, paa limeanguka. Kulikuwa na mzee anaondoa vifusi peke yake. Nikaliona besi kwenye vumbi, nikakukumbuka wewe. Nikalitia begani."

"Yeye alifanya nini?"

"Alinipisha."

Nikodemo akakaa chini kwenye tuta.

"Tulipopanda lori," Danieli aliendelea, sauti imeshuka, "alitoka akakimbia nyuma yetu. Wenzangu walidhani anatutukana, wakacheka. Hakuwa anatukana. Alikuwa anataja jina lake. Erisa, Erisa, halafu anaonyesha kanisa kwa mkono. Alidhani sisi ni watu wa serikali. Alidhani serikali ikikiazima kitu itataka kujua mwenyewe ni nani, ije imrudishie. Alikimbia mpaka kona, bado anataja jina."

Kulikuwa na ukungu unapanda kutoka bondeni. Nikodemo alivuta jani la kiazi akaligeuzageuza.

"Na redio ya Tobia? Ile aliichukua nyumba ya nani?"

"Ile si ya nyumba ya mtu. Aliinunua Korogwe kwa posho yake, kabla hatujapanda treni. Nilikuwa naye dukani."

"Ulijua hivyo, na nilipoichukua ulikuwa nyumbani. Ukanyamaza?"

Danieli alimtazama baba yake usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Ningesema ya redio, tate, wangeniuliza ya besi. Na wewe ulikuwa umefurahi sana."

Hilo ndilo lililomvunja. Kumkuta mwanawe mwizi kungemuuma, lakini angejua la kufanya: angemkemea, angemwombea, angempeleka kwa mchungaji. Sasa alijiona ameketi juu ya tuta akiwa yeye ndiye sababu ya yote mawili, wizi na kimya. Hakukuwa na mtu wa kumkemea. Alikaa hapo mpaka koti likamkaukia mwilini, na Danieli naye hakuthubutu kushika jembe.

Alfajiri ya Pasaka kanisa zima lilishuka makaburini kama desturi. Kulikuwa na wageni pia, kutoka Lukozi na hata Mnazi kule chini, kwa kuwa habari za besi zilikuwa zimeenea. Kila ukoo ulikwenda kwenye makaburi yake. Zipora peke yake alibaki langoni. Mumewe alizikwa kwao, upande wa pili wa milima, na mwanawe alizikwa Uganda. Hakuwa na mahali pa kusimama, kwa hiyo alisimama pale panapopitwa na kila mtu.

Nikodemo aliingia na gunia. Alilishusha kwenye majani, mbele ya safu, na hakulifungua. Watu walisubiri. Mchungaji akamwashiria kwa kichwa kwamba aanze. Yeye akavua kofia.

"Besi hili lina mwenyewe," alisema. "Ni mzee wa kanisa huko Uganda, anaitwa Erisa. Mwanangu alilichukua mbele ya macho yake, mimi nikalipokea, na sikuuliza kwa sababu nilijua. Nikasimama Mlalo nikawahubiria watu juu ya wizi, mkapata habari mkanisifu." Alimeza mate. Maneno aliyokuwa nayo mengi siku zote sasa yalimtoka moja moja. "Redio ya Tobia ilikuwa ya Tobia. Aliinunua Korogwe kwa fedha yake. Niliichukua kwa jina la serikali, na haikwenda Uganda. Iko Lushoto dirishani kwa ofisa, inamwimbia. Niliikuta pale nikaiacha."

Mtoto mmoja alianza kulia akanyamazishwa. Mchungaji aliangalia viatu vyake, pengine kwa sababu yeye naye alikuwa ameitika amina siku ile.

Zipora alitoka langoni. Alipita katikati ya makaburi ya watu bila haraka, mpaka akasimama mbele ya Nikodemo.

"Uliikuta ukaiacha."

"Ndiyo, mama."

"Ulimwambia nini?"

Hapo Nikodemo angetoa hata shamba lake ili asijibu. "Aliniamkia. Nikamwitikia marahaba."

Mtu mmoja nyuma alitaka kucheka, kicheko kikamfia.

"Jumanne tunashuka wote Lushoto," alisema Zipora. "Wewe utanionyesha dirisha. Kusema nitasema mwenyewe." Hakusema amemsamehe, na Nikodemo hakumwomba, kwa sababu aliona kumwomba mbele ya watu wote wale kungekuwa ni kumlazimisha.

Danieli naye alisogea, akainua gunia. "Hili nitalirudisha mimi," alisema. "Njia naijua." Akalibeba begani, akatoka nalo langoni, na watu wakampisha.

Zipora hakurudi langoni. Alikwenda mwisho wa safu, upande wa kushoto, akasimama karibu na ile nafasi, kama watu wengine walivyosimama penye makaburi yao. Nikodemo akaenda mahali pake. Akainua mkono, matarumbeta yakaanza, naye akafungua kinywa kuvumisha besi. Sauti ilikuwa na mikwaruzo na haikufika mbali.

Kwenye kaburi la karibu, mama mmoja mgeni kutoka Lukozi, aliyekuwa amefika wimbo umeshaanza, alimnong'oneza mwenyeji wake: yule mzee mbona hana tarumbeta? Nikodemo alimsikia. Wenyeji wote waliosimama pale walimsikia pia, na wote walikuwa na lile jibu la miaka yote tangu utotoni. Alingoja walitoe. Hakuna aliyefungua mdomo. Akaendelea kuvumisha, macho chini, mikono mitupu, mpaka ubeti wa mwisho.